Kichwa cha Shisha Kilichoitwa Yatima

Zaghlul Manawishi alikuwa anatoka kwa kinyozi, ndevu zimechongwa na mfuko mtupu, aliposikia mtu anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua wala cha vumbi la Kairo, maana hicho kila mtu anacho na hakuna anayegeuka kukitazama. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyeagiza tumbaku ya tofaa akaletewa moshi wa jiko. Kikafuata cha pili, na cha tatu, kisha sauti ikaapa kwa mama mzazi kwamba haitarudi tena mahali hapa.

Zaghlul akasimama katikati ya kichochoro, pua juu.

"Hapo," alijiambia, "pana mtu anatafuta kuibiwa na hajapata wa kumwibia."

Tusimhukumu haraka. Kuna waja waliojaliwa mashamba, wengine wakajaliwa wajomba serikalini. Zaghlul alijaliwa ulimi. Ndio aliokuwa akiulima, akiuvuna, na akiukimbia ulipozaa kesi.

Mkahawa ulikuwa wa Maalim Hanafi, na kwa ubahili mtu huyu alijulikana mtaa mzima wa Bab Shaariya. Majani yake ya chai yalichemshwa mpaka yakawa meupe. Tumbaku iliyokwisha ungua aliichanganya na mpya, kama mtu anayeficha maiti kwenye harusi. Wapanga moto wake, watumishi wa shisha na makaa, walikuwa wameacha kazi mmoja baada ya mwingine, na sasa Maalim alikuwa akipakia mwenyewe vichwa vya shisha, vile vibakuli vya juu vya tumbaku, akishindilia tumbaku kwa dole gumba mithili ya fundi anayeziba ufa. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, mkahawa wa Bi Daulat ulikuwa umejaa hadi viti vimemwagika barabarani, na kila kicheko kilichotoka huko kilimchoma Maalim Hanafi kama kaa.

Zaghlul alirudi kwa kinyozi. "Bwana wangu, niazime nauli ya kwenda Fustat."

"Hujanilipa ndevu!"

"Ndiyo maana. Nikikaa hapa hapa mtaani nitakulipa na nini?"

Kinyozi, ambaye bado anajaribu kuelewa jibu lile, alimpa nauli.

Kule Fustat kwa wafinyanzi, Zaghlul alitumia salio la nauli kununua kichwa kimoja cha shisha cha udongo, kimojawapo katika rundo refu kama kaburi la pasha. Akakipika kwenye chai nzito, akakisugua dawa ya viatu, akakifukizia moshi hadi kikaonekana kizee kuliko baba yake. Halafu akakifunga kwenye kitambaa cha mahameli kilichowahi kuwa pazia la sinema.

Kesho yake alasiri aliketi kwa Maalim Hanafi, meza ya mbele. Akafungua mahameli taratibu sana, na alipokwisha akakibusu kichwa kile pembeni.

"Hicho nini?" Maalim Hanafi akauliza kutoka kaunta.

"Si 'hicho', Maalim. Sema 'huyo'. Huyu anaitwa Yatima, kwa sababu hana ndugu duniani. Babu yangu alikuwa mpakiaji shisha katika jumba la pasha mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa heshima ya wajukuu zake, wana kesi. Yatima haunguzi tumbaku. Kiganja kimoja cha tumbaku, alasiri mpaka magharibi, na mvuto wa mwisho mtamu kama wa kwanza."

"Muongo."

"Mimi muongo, sawa. Yeye je? Niletee tumbaku na moto."

Sasa hapa ndipo lilipo jambo ambalo Zaghlul hakupenda lijulikane. Katika mwili wake mzima palikuwa na kitu kimoja cha halali, nacho ni vidole vyake. Marehemu baba yake alikuwa mpanga moto hodari, na alimfundisha mwanawe kwa makofi. Kwa hiyo udongo ule haukuwa na miujiza yoyote. Miujiza ilikuwa mkononi.

Akaichambua tumbaku kwa ncha za vidole, akatupa vijiti, akaipeperusha ikakaa laini kichwani kama nywele zilizooshwa. Hakuishindilia hata kidogo. Akaacha nafasi nyembamba chini ya ukingo ili karatasi ya foili isiguse asali ya tumbaku, akaivuta foili ikakaza kama ngozi ya ngoma, akaitoboa matundu madogo kwa sindano. Makaa akayasubiri mpaka yakawaka yote, yakavaa jivu jepesi, ndipo akayapanga pembezoni, mbali na katikati. Na muda wote huo alikuwa anasimulia habari za pasha na wake zake, ili watu watazame mdomo wasitazame koleo. Moshi ulipotaka kukereketa, koleo lilinyanyua kaa moja pale pasha alipoangukia kisimani. Moshi ulipolegea, kaa likarudi huku pasha akitolewa.

Mchinjaji mmoja, Haji Maujud, mtu wa tumbo na sauti, akapewa mrija. Akavuta. Akafumba macho. Moshi mweupe ukamtoka kama mto wa usufi.

"Enyi watu!" akanguruma. "Nimelala na tofaa lenyewe!"

Maalim Hanafi akaja. Akangoja hadi kichwa kipoe, akakichukua, akakigeuza, akatazama kitakoni pake kwa muda. Akamtazama Zaghlul usoni. Kisha akamtazama vidoleni.

"Subhanallah," akasema polepole. "Hakika hana ndugu."

Samaki kameza, Zaghlul akawaza, na ndoana na kamba.

"Unauza?" Maalim akauliza.

"Auze nani? Mtu huuza bibi yake?" Zaghlul akashusha pumzi. "Ila mama yangu ni mgonjwa."

"Mungu amponye. Nitamnunua. Lakini mimi ni mfanyabiashara, ustadhi. Niachie nimjaribu hadi Alhamisi, wauza vitambaa wakija. Na wewe ukae naye hapa, asije akakasirika kwa kushikwa na mgeni."

"Na kama hakasiriki?"

"Basi Alhamisi unaondoka umeshiba."

Zaghlul alikubali. Ilimpasa akubali, kwani Yatima mikononi mwa Hanafi angeungua kabla ya adhana. Hivyo akavaa aproni na kusimama jikoni. Siku ya pili Maalim akamwambia, kwa sauti ya mtafiti, "Hebu pakia na vichwa hivi vingine, tulinganishe." Zaghlul akapakia. Kwa kiburi tu akavipakia vizuri, ili mtu asidhani mjukuu wa jumba la pasha anababaisha. Siku iliyofuata "vingine" vikawa rafu nzima. Mkahawa ukajaa. Viti vya Bi Daulat vikaanza kurudi ndani kimya kimya, na Maalim Hanafi akabandika tangazo: anayemtaka Yatima mwenyewe, bei mara mbili. Watu walipanga foleni. Haji Maujud alikuja na kushika zamu kabla hajafungua bucha.

"Zaghlul! Moto!"

"Nakuja!"

"Zaghlul, badilisha kaa huku!"

"Nakuja, pasha wangu, nakuja!"

Nyusi zilimuungua, vidole vikawa vyeusi kama vya mchoma mahindi, na usiku aliota makaa. Lakini alicheka peke yake. Alhamisi ilikuwa inakaribia.

Alhamisi ikafika. Maalim Hanafi akajikuna. "Wauza vitambaa hawajatimia, ustadhi. Tumjaribu mpaka Jumatatu." Jumatatu akasema upepo wa khamsini, ule wa vumbi la jangwani, unaharibu majaribio. Siku iliyofuata akasema jino linamuuma.

Zaghlul alikuwa anamwaga majivu nje, akinung'unika, Bi Daulat alipomwita kutoka kizingitini kwake. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mjane, bangili hadi kiwiko, na macho yaliyokwisha hesabu kila kitu.

"Hongera, mwanangu. Umepata kazi."

"Kazi gani? Mimi niko kwenye biashara."

"Biashara!" Bi Daulat akacheka mpaka bangili zikaitikia. "Mshahara wako kiasi gani?"

Zaghlul akakung'uta ndoo ya majivu kwa nguvu.

"Wewe unadhani Hanafi ni wa wapi? Ukoo wa mama yake wote ni wafinyanzi wa Fustat. Hicho kichwa chako kina alama ya nyota kitakoni, sivyo? Hiyo ni alama ya binamu yake. Alijua tangu alipokigeuza. Hakununua kichwa, mwanangu. Amepata mpanga moto wa bure, na wewe unamwamkia kila asubuhi 'Maalim, umeamkaje.'"

Ndoo ya majivu ikamponyoka. Zaghlul, aliyewahi kumuuzia mtu tiketi ya treni iliyokwisha ondoka, alihisi masikio yakimwaka. Amefanyishwa kazi! Kazi ya halali, ya jasho, mchana kutwa, tena kwa adabu! Baba yake huko aliko lazima alikuwa anagaragara kwa kicheko.

"Nitamchomea mkahawa," akasema.

"Ukichoma wake utachoma na wangu. Tumia kichwa. Si hicho cha udongo." Bi Daulat akaingia ndani.

Alasiri ile, mkahawa ukiwa umefurika, Zaghlul alipanda juu ya kiti. Akamfunga Yatima kwenye mahameli, machozi yanamlengalenga. Machozi alikuwa nayo tayari, kwa ajili ya moshi.

"Waungwana wa Bab Shaariya, tuagane! Maalim ameshindwa kumnunua Yatima. Simlaumu, hali ni ngumu. Tajiri mmoja wa Aleksandria ananisubiri kituoni."

Zogo likalipuka.

"Aleksandria?" Haji Maujud akapiga meza, vikombe vikaruka. "Zamu yangu bado! Mimi namnunua! Natoa fahali!"

"Mimi natoa jora la hariri!" muuza vitambaa akapaza sauti.

"Akienda, na sisi tunaenda!" wakapiga kelele wa nyuma. "Hanafi, bahili we, unamwacha Yatima aende?"

Maalim Hanafi alisimama nyuma ya kaunta, uso ukibadilika rangi. Alikuwa na maneno mepesi sana ya kusema: jamani, ni udongo wa binamu yangu. Lakini mbele yake walikuwa wamejaa watu aliowatoza mara mbili kwa udongo wa binamu yake, na wa kwanza wao ana visu. Akamtazama Zaghlul. Zaghlul akamtazama kwa upole wa mtume.

"Unataka nini?" Maalim akanong'ona.

"Vespa."

Vespa, pikipiki yake ndogo nyekundu, ndiyo ilikuwa roho ya Hanafi. Aliifunika shuka ya kitanda, na mvua ilipotishia aliiingiza ndani akamwacha mkewe aanue nguo peke yake.

"Mwizi we!"

"Pasha wangu, watu wanasikia."

"Hanafi! Hanafi! Hanafi!" mkahawa mzima ukaimba, vijiko vikipiga glasi. Maalim akatoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa lile jino lake. Makofi, vigelegele, Haji Maujud akambusu mashavu yote mawili. Zaghlul alimkabidhi Yatima kwa mikono miwili, akavua aproni, akapanda Vespa, akapiga kiki. Ikanguruma! Akatoka kichochoroni akipunga mkono kama bwana harusi.

Akafika kwenye pembe ya mtaa. Hapo Vespa ikapiga chafya, ikakohoa, ikanyamaza.

Bahili ni bahili. Maalim Hanafi hakuwahi kutia petroli zaidi ya kufikia msikitini.

Na nyuma, mkahawani, Maalim alikuwa amekwisha pakia Yatima kwa dole gumba lake, na Haji Maujud amekwisha vuta. Kikohozi kilisikika hadi kwenye pembe ile. Kisha mngurumo: "Huyu si Yatima! Wamembadilisha! Yuko wapi huyo Zaghlul?"

Zaghlul aliisukuma Vespa kwa kukimbia, akipitia uchochoro wa nyuma, jasho likimchuruzika, mpaka akaona mlango wa uani uko wazi. Bi Daulat alikuwa ameusimamia, mkono kiunoni, kana kwamba alikuwa anasubiri mkate.

"Ingiza. Haraka. Wewe nenda chini ya gunia la makaa."

Akajifukia. Muda si muda sauti zikaingia, Hanafi anaapa, Haji Maujud anakohoa na kuapa.

"Hajapita hapa," Bi Daulat akasema. "Ila nimesikia kitu kinanguruma kuelekea kituoni. Haji, kifua hicho! Kaa ukitulize, chai ya maua ya mkarkade ni juu yangu. Na nyie wengine, mnasimama kwa nini kama wadai? Viti vipo." Wakakaa. Wote wakakaa. Hanafi alirudi kwake peke yake, na udongo wa binamu yake kwapani.

Zaghlul alipoibuka, mweusi kuanzia utosini hadi soksi, ua ulikuwa mweupe peee.

"Bibi yangu, Vespa iko wapi?"

"Shemeji yangu kaipeleka kutia petroli. Utaendaje mbali bila petroli?"

"Mungu akuzidishie. Petroli iko wapi?"

"Tanta."

"Tanta! Mji mwingine kabisa! Kituo cha mafuta kiko hapo kona!"

"Ana watu wake Tanta, wanampunguzia bei." Bi Daulat akamtazama kwa huruma kubwa, akachukua aproni iliyoning'inia ukutani, safi, iliyopigwa pasi. "Atarudi. Unaweza kumngoja umesimama bure, au unaweza kumngoja unapata riziki. Mimi nalipa kila jioni, mkononi. Kutoka huko mbele hakufai, Haji anakaa mlangoni na hajafunga bucha, kisu anacho."

Zaghlul Manawishi alitafuta neno. Ulimi ule, shamba lake pekee, ulikuwa umekauka kabisa. Aliangalia ukuta, ulikuwa mrefu. Aliangalia meza ya jikoni: tumbaku mpya, haijachanganywa na chochote, inang'aa asali, na makaa ya mchungwa yanavaa jivu lake jepesi, yameiva kabisa, na mpumbavu mmoja pale mezani alikuwa anayapanga katikati ya kichwa. Katikati!

"Unaunguza, wewe! Pembeni! Weka pembeni!" akafoka, na koleo likawa tayari mkononi mwake.

"Moto huku!" sauti ikaita kutoka ukumbini.

"Nakuja!" akaitikia Zaghlul, kabla hajajizuia.

Bi Daulat akamfunga kamba za aproni kwa nyuma, mafundo mawili, akamsogezea kofia aivute hadi machoni Haji asimtambue, akaenda kupokea wateja.