Ombi la Kurudishiwa Sori Yangu ya Jumatatu

Ndugu Mkuu wa Ofisi,

KUH: SORI NILIYOITOA JUMATATU, SAA TATU NA DAKIKA KUMI ASUBUHI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mafua yamepungua. Mimi ni karani wa majaribio, masijala, meza ya tatu kutoka dirishani, ile yenye ufa katikati. Nimetakiwa kujieleza kwa maandishi kabla ya kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa nini nisiondolewe kazini kabla ya kuthibitishwa, kutokana na kupotea kwa jalada la mzee seremala. Hii ni rasimu ya tano. Zile nne nilizichana kwa sababu kila moja, nilipoisoma upya, niliikuta imeanza na neno lenyewe ninalolilalamikia.

Neno hilo ni sori. Lilikuja na Kiingereza, likapewa kiti, na sasa ni mwenyeji kuliko sisi. Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili moja limebeba kazi za maneno manane, hakuna waraka unaosema linafanya kazi ipi saa ngapi, na likikosea anayeitwa kujieleza ni mimi, si lenyewe. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili kurahisisha usomaji. Mwandiko ukionekana umetulia, ni kwa sababu nina kitu kigumu chini ya karatasi. Bila hivyo kalamu huzama kwenye ule ufa.

1. Jumatatu, mzee seremala alifika kaunta kuulizia kibali cha karakana yake, ambacho amekifuatilia kwa miezi mitatu. Pale mlangoni kuna kigae kilichong'oka. Sisi wafanyakazi tunakiruka bila hata kukitazama. Yeye hakukiruka. Alijikwaa, akaidaka kaunta kwa mikono miwili, nami nikasema, "Sori, mzee," kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa angesema. Kwa bahati mbaya, ni wakati huohuo Msimamizi wa Masijala alipofungua kabati na kutangaza kwamba jalada halipo. Mzee alilitazama kabati, akanitazama mimi.

"Basi huyu kijana anajua lilipo," akasema. "Ameshasema sori."

Mkuu, unalifahamu daftari letu la upotevu. Lina safu tatu: kilichopotea, tarehe, na aliyeomba radhi. Safu ya aliyepoteza haipo. Nimeambiwa kwamba zamani ilikuwepo, ikaondolewa kwa kuwa ilikaa miaka yote bila jina hata moja na ilikuwa inaharibu sura ya daftari. Tangu hapo, kitu kikipotea hatukitafuti. Tunamtafuta aliyesema sori, na shughuli huisha kabla ya chai. Msimamizi alipekua droo zangu zote mbili kwa ustaarabu, akakuta rula, kitambaa cha mkono na peni mbili zilizokauka, kisha akaandika jina langu katika safu ya tatu. Simlaumu. Safu ilihitaji jina na jina lilikuwa limepatikana.

Naomba niseme hapa, na nimepigia mstari: jalada hilo sikulipoteza.

2. Baada ya tukio hilo niliamua kujichunguza. Jumanne nilijihesabu kwa kuchora vijiti nyuma ya kalenda. Kuanzia kufunguliwa kwa ofisi hadi mapumziko ya mchana nilisema sori mara thelathini na saba. Kumi na moja zilikuwa za kuomba njia kati ya makabati. Tisa zilikuwa za kumwomba mtu arudie alichosema. Sita nilimpa mama mmoja aliyekuwa anakohoa, moja kwa kila kikohozi. Nne zilikuwa za kuanza sentensi tu, kama mtu anavyogonga mlango. Mbili niliambia kabati. Nyingine nne sikumbuki nilizitoa kwa ajili ya nini, lakini naamini zilistahili. Kwa hesabu hiyo imebaki moja tu iliyokuwa ya kosa la kweli: nilimaliza gundi na sikuacha taarifa. Hiyo moja, Mkuu, hakuna aliyeisikia.

3. Meza ya jirani yangu inakaliwa na karani mkongwe tunayemwita Kimya. Jalada lake la utumishi ni jeupe kama siku lilipofunguliwa. Hajasema sori kwa miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita alimkanyaga mgeni kidole gumba, nilikuwepo. Aliinua macho akatazama dari kwa makini, kana kwamba kishindo kimetoka huko, mpaka mgeni naye akatazama dari. Nilipomuuliza siri yake aliniambia kwa upole, bila kuacha kupiga mihuri, "Mdogo wangu, ukiliokota neno, ukoo wake wote unahamia kwako." Anastaafu mwakani kwa heshima zote. Mimi nina miezi mitano na wiki tatu na tayari nimeandikiwa. Naogopa, Mkuu, kwamba utaratibu wetu unawathibitisha kazini watu wanaotazama dari.

4. Hoja hii naileta kwa woga kwa kuwa inakuhusu. Tarehe mbili nilikusalimu kwenye ngazi. Ulisimama, ukainua nyusi, ukasema, "Sori?" Nami, nikidhani nimekosa, nikajibu, "Sori, Mkuu." Ukasema tena, "Sori?" Tuliendelea hivyo mara nne, nami kila mara nikishuka ngazi moja, hadi nikawa chini kabisa na wewe bado uko juu. Baadaye katibu wako alinieleza kwamba mafua yalikuwa yameziba masikio yako na ulitaka tu nirudie salamu. Natumia nafasi hii kuirudia: shikamoo, Mkuu.

5. Nyumbani hali si nafuu. Nimelelewa na shangazi yangu, mshonaji, ambaye ndiye aliyenitia neno hili mdomoni. Kwake sori husemwa kabla ya kosa, kama mtu anavyotandika mkeka kabla mgeni hajafika. Akijigonga kidole kwenye kigoda, sote tuliomo ndani tunapaswa kusema sori kwa pamoja. Anayechelewa huulizwa kama ndiye aliyekiweka kigoda pale. Na sori yenyewe huikagua. Akiona haikutoka moyoni huniambia, "Hiyo haijafika hata jikoni, irudie."

Shangazi amenishonea mashati mawili ya ofisini. La tatu amelikata, akalipachika ukutani kwa pini juu ya cherehani, likiwa halina mikono. Alisema mikono ataiweka siku nitakapothibitishwa. Nalitazama kila ninapokula. Jumatatu jioni nilipomweleza habari ya barua ya kujieleza, alizima cherehani, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza tena kama jalada nimelipoteza mimi. Nilipokana, aliwasha tena cherehani.

"Basi ni jambo dogo, baba," akasema. "Kesho nenda kamwambie mkubwa wako sori, yaishe."

Mkuu, tafadhali nitazame nilivyosimama. Ugonjwa ni ule, na dawa ninayopewa ni ileile.

Hata barua yako niliyoandikiwa, mpiga chapa aliponikabidhi siku hiyo, aliinama kidogo akasema, "Sori, kaka." Nilimshukuru kwa huruma yake. Kisha nikamsihi asirudie mbele ya Msimamizi, kwa sababu daftari lilikuwa wazi mezani.

6. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Jana Jumatano mzee seremala alirudi. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutazama dari mbele ya kioo. Akaingia, kigae kikamdaka tena, safari hii akajigonga kiwiko kwenye ukingo wa kaunta. Nilikisikia kile kiwiko. Neno lilinijia hadi kwenye meno. Nikakibana kinywa changu na kutazama dari, ambako kuna taa mbili, moja haiwaki.

Alikaa anakisugua kiwiko. Hakuuliza jalada. Aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, hata sori?"

Nikaendelea kuitazama ile taa isiyowaka. Kimya alinipa ishara ya kichwa kwamba nimefanya vizuri. Sijawahi kusifiwa katika ofisi hii, na sikupenda.

Kwa hiyo, Mkuu, hapo ndipo nilipo. Nikisema, nimelipoteza jalada lake. Nisiposema, nimepoteza kitu kingine ambacho hakina safu katika daftari.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo:

a) Neno sori liondolewe midomoni mwa watumishi na lihifadhiwe stoo, chini ya kufuli, pamoja na karatasi na wino, litolewe kwa fomu ya maombi yenye nakala tatu.

b) Kila sori ipigwe muhuri wa aina yake: SORI YA POLE, SORI YA NJIA, SORI YA SIJASIKIA, SORI YA KUANZA SENTENSI na SORI YA KOSA. Huu wa mwisho uwe mwekundu na utunzwe na wewe mwenyewe. Sori isiyo na muhuri isikubaliwe kuwa ushahidi popote.

c) Kila mtumishi apewe sori sita kwa siku. Anayejua kwamba ana siku mbaya aruhusiwe kuazima kwa Kimya, ambaye nakadiria ana akiba ya miaka kumi na tisa haijaguswa.

d) Wageni waelekezwe kujikwaa baada ya kujulikana kwamba majalada yao yapo. Nimefikiria pia kupendekeza kigae kipigwe saruji, lakini naogopa kuonekana nawafundisha wakubwa kazi.

e) Shangazi yangu aandikiwe barua ya onyo yenye maneno ya heshima, nami niwe wa mwisho kujua ilikotoka.

f) Iwapo haya yatakuwa mengi, basi nihamishiwe chumba cha majalada ya zamani, kule chini, ambako hakuna anayeingia, hakuna anayekohoa, na kwa hiyo hakuna nitakayemwonea huruma kwa bahati mbaya.

g) Kwa vyovyote vile, sori yangu ya Jumatatu ifutwe katika safu ya tatu na nirudishiwe. Ilikuwa ya kiwiko, nikimaanisha ya mguu, ilikuwa nzima, na ilitolewa kwa nia njema. Ningependa kumpa mwenyewe.

Nimalizie kwa kurudia, ili pasiwe na shaka siku ya kesho, saa nne: mimi si mzembe. Kila karatasi inayopita mikononi mwangu najua imetoka wapi na imekwenda wapi. Aliye nalo jalada la mzee seremala, popote alipo, ndiye ambaye ofisi inapaswa kumtazama usoni, na ninaamini hatakuwa na ujasiri wa kututazama.

Naiacha barua hii mikononi mwako nikiwa bado mtumishi wako, walau hadi kesho. Nisalimie katibu wako aliyenieleza habari ya masikio. Msimamizi wa Masijala nampa salamu za upande wa pili wa chumba, kwa kuwa siku hizi hatusogeleani. Mpiga chapa, Kimya, mlinzi wa getini ambaye hunifungulia kabla sijaomba, mama mwenye kikohozi kama atarudi, wote wasalimie. Nyumbani kwako pia, wakubwa kwa wadogo.

Wako mtiifu,
Karani wa majaribio,
Meza ya tatu, masijala.

N.B. Mkuu, barua nilikuwa nimeshasaini. Nimeinua karatasi ili niikunje, nikainua na kile kitu kigumu nilichokuwa nimekiweka chini yake. Nimekigeuza.

Ni jalada. Lina jina la mzee seremala na kibali chake kimo ndani, kimeshasainiwa na wewe tangu wiki mbili zilizopita. Sasa nakumbuka: lilipoletwa nilikuwa naandika orodha, kalamu ikazama kwenye ufa, nikashika kilichokuwa karibu na kukilaza kifudifudi kwa kuwa upande wa nyuma ni laini. Rasimu zote tano, hii ikiwamo, nimeziandikia juu yake. Ukiliinamisha kwenye mwanga wa dirisha utaona mwandiko wangu umechimbika kwenye gamba, na mahali panaposomeka vizuri kuliko pote ni pale nilipopigia mstari.

Ningeweza kulirudisha kabatini. Kimya ameona kila kitu na tayari anatazama dari, kwa ajili yangu. Lakini mzee yuko kwenye benchi tangu asubuhi, kiwiko amekifunga kitambaa, na ameniona nimelishika.

Kwa hiyo ombi (g) naliondoa. Jina langu libaki safu ya tatu. Kama kuna nafasi pembeni, ichorwe na ile safu ya zamani, nami niwe wa kwanza kuingia. Shangazi nitamweleza mwenyewe. Sasa nazunguka kaunta nimpelekee mzee jalada lake mkononi, asije akapita kwenye kigae, nimwambie lile neno mara mbili: moja ya kiwiko, moja ya hili.

Na wewe, Mkuu, sori. Hii ndiyo ile nyekundu.