Idd ya Juni

Jumatatu, 18 Mei. Kambu.
Nimeuza baiskeli, nimenunua mbuzi watano. Mke wangu Mbula hajui bado. Mwaka jana Idd ya kuchinja ilikuwa Juni 6, na wanunuzi wa Mombasa walilipa vizuri hapa barabarani. Basi nanenepesha hadi Juni 3. Mbula atapata tangi la maji, atanyamaza.

Alhamisi, 21 Mei.
Nthiwa, jirani anayeuza mbuzi kama mimi, ameanza kuuza leo. Mapema hivyo? Nilijificha nyuma ya kibanda cha matikiti. Nikamsikia akimwambia mteja Idd ni Jumatano. Alijua nipo. Anataka niuze mbuzi wangu wakiwa wamekonda.

Jumamosi, 23 Mei.
Mbula ameona baiskeli haipo. Nikamweleza mpango. Akauliza kama nimemwuliza Mwislamu yeyote. Nikasema kalenda ninayo ukutani. Akasema Idd hufuata mwezi wa mbinguni, hata Pasaka yetu huhama kwa sababu ya mwezi, na kwamba mimi, mwanakwaya, nilipaswa kulijua hilo. Nashuku ameongea na mke wa Nthiwa.

Jumatano, 27 Mei.
Haji Salat wa duka la tairi amevaa kanzu mpya. Watoto wake pia. Nthiwa hana mbuzi hata mmoja. Mimi ninao watano, wanono sana.

Alhamisi, 28 Mei.
Nimeenda kwa Haji Salat. Akanipa pilau, akanieleza polepole. Mwaka wao ni miezi kumi na miwili ya kuandama, mfupi kuliko wetu kwa siku kama kumi na moja. Pasaka nayo hufuata mwezi, lakini hufungwa na jua, haitoki Machi na Aprili. Idd haifungwi. Kila mwaka inarudi nyuma.
"Mwaka ujao angalia katikati ya Mei, Baba Kasiva," akasema.
Nikauliza nyama ni ya nani. Ya Nthiwa.

Ijumaa, 29 Mei.
Sikulala vizuri. Mtu anayekula mbuzi wa Nthiwa hawezi kunipa tarehe ya kweli. Siku kumi na moja nakubali. Ila amegeuza upande makusudi. Nimehesabu mwenyewe, kwenda mbele, nikaandika ukutani kwa wino: Idd ijayo, Juni 7. Mbula amesoma, akachukua leso yake, akatoka. Njia aliyoshika inapita kwa Nthiwa.