Mfalme wa Kizigua Aliyefufuka Ukumbini

Leo nimejibizana na maiti, na maiti kanishinda.

Mdogo wangu Rehema anamaliza chuo, anasomea muziki. Wazazi walipotutoka niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kuuza kabichi za Mgeta hapa Morogoro mjini ili yeye asome. Leo alikuwa na mtihani wa mwisho, wa vitendo. Akifeli, hakuna cheti. Nikafunga genge mapema, nikavaa gauni la Idi.

Kabla hatujatoka akanipa masharti.

"Dada, huu ni muziki wa majaribio. Nimeutoa kwenye tamthilia za kale, zile za wafalme wanaokufa vibaya. Usingoje ngoma. Usipige makofi katikati, usipige vigelegele, usiitikie."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukae."

Nikaahidi. (Kukaa naweza. Sokoni nakaa tangu alfajiri.)

Ukumbini nikachagua kiti cha mbele, nikamwamkia msahihishaji, mama mmoja mwenye miwani. Muziki ukaanza. Mwanafunzi mmoja akasugua msumeno kwa uta wa fidla. Rehema akagonga kifuniko cha sufuria, akakizamisha kwenye ndoo ya maji, sauti ikalegea kama mtu anayezama. (Kifuniko changu. Nimekitafuta wiki nzima, nikamshuku jirani.) Kompyuta ikanguruma. Nikakaa.

Kisha wakaingiza maiti ya mfalme, wakailaza mkekani chini ya shuka jeupe. Shuka lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje. Nikaitambua miguu ile. Ni Mhina, Mzigua wa Handeni, anasoma na Rehema na anakula kwangu kila Jumapili. Sisi Waluguru na Wazigua ni watani, kwa hiyo hatujawahi kula kimya.

Wasichana wanne wakaanza kumlilia. Hawakuimba, walilia tu, kila mmoja kwa sauti yake, msumeno ukiwafuata nyuma. Ndivyo tulivyolia siku ya kumzika mama. Siku ile aliyetuokoa ni mtani mmoja wa Kizigua. Aliingia akisema marehemu kafa makusudi ili asimrudishie ungo wake. Tukacheka machozi yakitutoka.

Nikatazama huku na huku. Msiba wa Mzigua, Mluguru aliye karibu ni mimi, na hakuna anayefanya kazi ya mtani. (Rehema alikataza makofi, vigelegele na kuitikia. Utani hakuutaja.)

Nikasimama. "Msimlilie huyu. Hajafa, anakwepa kuosha vyombo. Msogezeeni ugali puani muone."

Shuka likaanza kutetemeka. Mwenye akili zake hapo angekaa. Mimi nikaongeza: "Na miguu hiyo muiache nje ya kaburi, tuanikie mboga."

Maiti akaketi.

"Mboga gani, wewe Mluguru? Ile ya Jumapili uliyosahau chumvi? Ndiyo iliyoniua!"

Waombolezaji wakaangukiana kwa kicheko. Msumeno ukanyamaza. Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Rehema. Yeye alikuwa ameshika kifuniko changu kama mtu anayetafuta pa kukirusha.

Msahihishaji akavua miwani, akajifuta macho. "Dada, wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye mzazi wake."

Akaniangalia, akamwangalia Rehema, akashusha kalamu. "Mfalme amefufuka, siwezi kutoa alama. Mtarudia kesho saa nne. Mzazi atasubiri nje."

Njia nzima Rehema alitangulia mbele. Tulipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Dada, nje maana yake nje."

"Nimekuelewa."

"Na usiongee na Mhina kabla hajafa."

Nimemwapia, nami ahadi sivunji. Nje nitakaa. Ila wakati wa kutoka nilipita nyuma ya ukumbi, na dirisha la tatu halina kioo.

Wazigua mnaosoma hapa, chekeni, ni haki yenu. Wengine naomba mtulie, tuko msibani mpaka kesho saa nne.