Mtambo wa Gongo Chini ya Mnara

Leo nimefedheheka, ndugu zangu wa darasa la jioni. Ni kiangazi cha mwaka 2017, nina umri wa miaka sitini na mmoja, na hapa Gehandu hakuna ambaye hakushuhudia.

Mnajua mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kutokomeza pombe. Mnajua pia kwamba kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu kuna mnara wa simu. Asubuhi nikasikia harufu ya spiriti. Nikasogea. Chini ya mnara palikuwa na mapipa, sanduku la chuma lenye joto, na mrija unaodondosha matone maangavu kwenye ndoo. Kuchemsha, kupoza, kudondosha! (Kemia nilifaulu nanyi darasani mwaka 2009. Sikuona haja ya kuuliza.)

"Shikamoo mama," akanisalimu fundi mmoja mgeni aliyekuwa hapo.

"Marahaba. Gongo hii unampikia nani?"

"Mama, huu ni mtambo wa umeme."

"Na mimi ni mtoto wa chekechea!"

Nikampigia simu mtendaji wa kijiji. Akaja na mgambo wawili, na nyuma yao kijiji kizima, wengine na vikombe. Nikapanda juu ya jiwe, nikatangaza kwamba shamba la mume wangu halitageuzwa kilabu. Mgambo wakamshika fundi. Nikaamuru ndoo inuswe.

Mzee Tluway, mnywaji ambaye kamati yangu inamfahamu vyema, akanusa. Akaonja kabla hatujamzuia. Akanitazama kwa huzuni ya kweli.

"Mama Safari, haya ni maji."

Fundi akaeleza, mikono ingali imeshikwa. Ndani ya mapipa mna methanoli, aina ya spiriti, na maji. Ni sumu, asiguse mtu. Sanduku huuchemsha mchanganyiko huo na kutoa haidrojeni. Haidrojeni ikikutana na oksijeni ya hewani, mnara hupata umeme, na kinachodondoka ni maji matupu.

"Ni kemia ya sekondari tu, mama," akaongeza kwa heshima zote. (Heshima hiyo ndiyo iliyonimaliza.)

Wazee wakakaa papo hapo. Mchana huu shauri limekwisha rasmi: nimemdhalilisha mgeni, hivyo nimwombe radhi kwa desturi yetu, yaani nipike pombe, wazee wainywe pamoja naye. Mtendaji akauliza iwapo kamati ina pingamizi.

Nikajibu, kwa niaba ya kamati, kwamba haina.

Mtama umeshalowekwa. Nawasihi, ujumbe huu usimfikie mchungaji.