Perege wa Bwawa la Tope

Jumatatu, 1 Julai
Natangaza rasmi, kwa kizazi hiki na vijavyo: mimi Bounlert, nyapara wa barabara inayokatwa mlimani, leo nimekuwa mfugaji. Perege mia mbili, wadogo kama kucha. Nimewatia kwenye bwawa tulilochimba kando ya barabara ili tope la mvua litue humo, lisishukie mashamba ya mpunga. Bwawa lenyewe lilikuwa limekaa bure!

Jumatano, 3 Julai
Injinia Vilaykone ameagiza tope lizolewe kabla ya mvua kubwa. Nikamwambia bwawa bado lina nafasi. Kuzoa ni kuua samaki. Akanitazama sana. Ana umri wa binti yangu na macho ya mama mkwe wangu.

Alhamisi, 4 Julai
Perege wanatoroka! Wanapitia bomba la kutolea maji. Nimeliziba kwa gunia. Akili ni mali.
Chini ya barabara, Mama Chansouk amemaliza kupandikiza mpunga. Majirani wamemsaidia siku tatu. Ni mjane, na shamba ndilo hilo hilo. Akaniuliza kama bwawa litahimili. Nikamwambia alale usingizi.

Jumamosi, 6 Julai
Mvua tangu alfajiri. Bwawa limefurika, ukingo ukakatika, tope lote likashuka shambani kwa Mama Chansouk. Miche haionekani. Nimewaambia watu mvua ya mwaka huu haina adabu.

Jumapili, 7 Julai
Nimemwendea na kikapu cha wali wa kunata. Nikamkuta akifukua miche kwa vidole. Akachomoa perege topeni, akamshika mkia.
"Bounlert mwanangu, na huyu kaletwa na mvua?"
Nikamsogezea kikapu. Akanifunga uzi mweupe mkononi, kama tunavyomfunga aliyeshtuka, roho ipate kurudi mwilini. Alisema yangu imekimbia na samaki. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 9 Julai
Ukweli, maana humu hasomi mtu: mvua haina kosa. Bomba niliziba mimi, tope niliacha mimi. Nimemwambia Injinia hivyo hivyo. Kanipa koleo. Siku mbili nimezoa tope shambani pamoja na majirani. Nusu ya miche imepona. Nusu nyingine ndiyo basi, na Mama Chansouk hajanilaumu hata mara moja. Uzi umegeuka rangi ya tope.
Bwawa limechimbwa upya. Kina kizuri, bomba wazi. Samaki kamwe, nimeapa.
Bata, hata hivyo, hawapiti kwenye bomba.