Mama Mkwe na Balbu ya Wati Kumi na Tano

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya mama mkwe, jamani!

Mnajua nyumba yangu pale Mwanjelwa imeingia umeme juzi tu. Mke wangu, Mama Neema, akampelekea mama yake salamu kule Ubaruku: njoo uone, siku hizi usiku kwetu ni mchana. Nami nikafurahi. Tangu siku ya posa mama mkwe anasema binti yake ameolewa na bahili. (Uongo. Mimi ni mwangalifu tu.) Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujisafishia jina.

Asubuhi mke wangu akaniagiza, "Baba Neema, chukua balbu ya wati mia. Mama asije akapapasa ukuta."

Nikaitikia vizuri kabisa. Lakini juzi fundi wa umeme alipojaribu nyaya kwa wati mia yake, mimi nilikuwa juu ya stuli natazama mita. Kile kisahani cha ndani kilizunguka mpaka nikasikia kizunguzungu! Basi dukani nikasema, "Nipe inayokula umeme kidogo kuliko zote."

"Ipo ya wati kumi na tano," akasema mwenye duka. "Ila hii watu wanafungaga chooni, kaka."

"Kwani giza la chooni na la sebuleni si lile lile?"

Nikatoka nimejaa ujanja.

Jioni nikaiwasha. Ikawa nyekundu kidogo, basi. Mke wangu akaitazama, akanitazama. Nikamwambia, "Ngoja ipate moto." (Mpaka sasa haijapata.) Nikaenda zangu kununua sukari.

Narudi, jirani ananiambia mkwe ameshaingia. Sasa nyie mnajua heshima ya mkwe. Humkodolei macho. Unaingia umeinama, unachuchumaa mbali, unatazama chini. Nikaingia hivyo hivyo. Kwa pembe ya jicho nikamwona pale kwenye kona, amekaa, amejifunika kitenge.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

Nikajua bado ana kinyongo. Moyo ukaniuma kweli. Nikasogea kidogo kwa magoti. "Mama, najua umeambiwa mengi. Kwamba mimi bahili. Nisamehe, mama. Tazama mwenyewe, nyumba yako sasa ina mwanga."

Kimya. Nikainamisha kichwa mpaka karibu na sakafu. "Basi nitamke neno moja tu, mama, hata la kunitukana!"

Nyuma yangu, kwenye mlango wa uani, mtu akakohoa.

"Baba Neema," akasema mke wangu, "huo ni mchele."

Gunia! Gunia alilokuja nalo mama mkwe kutoka Ubaruku, likafunikwa kitenge kuku wasilidonoe. Na mwenyewe amesimama mlangoni, ameyasikia yote!

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu. "Sasa nileteeni kibatari, niuone huo umeme."

Kibatari kikaletwa. Akakiinua juu kwa mkono wake, akaitafuta ile balbu darini, akaipata.

"Kumbe ipo," akasema.

Mke wangu akakimbilia jikoni. Vicheko vyake nilivisikia mpaka njiani nakuja huku kijiweni kwenu.

Naombeni msicheke, ndugu zangu. Na kama kuna mwenye wati mia kwake, aniazime mpaka mkwe aondoke.