Kitengo cha Uhakiki wa Jasho

"Wananchi wa Isiolo, enzi ya jasho la kubahatisha imekwisha! Kuanzia leo kila tone litahakikiwa!"

Ndivyo nilivyotangaza mimi, Marete, msimamizi wa Kitengo cha Uhakiki wa Jasho. Makofi yalikuwa machache kwa sababu watu walikuwa na njaa, na mwenye njaa hutunza mikono yake.

Hali ya awali ilikuwa ya aibu. Watu walichimba bwawa la maji ya mvua kule Chechelesi nasi tukawalipa chakula. Kila Ijumaa shimo la kila mtu lilipimwa kwa fimbo. Shimo refu, mahindi mengi. Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: kila mtu aliuelewa. Sasa mpango unaoeleweka na kila mtu unahitaji Kitengo cha nini?

Ndipo zikaja saa za mkononi, zenye taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi. Saa inahesabu mapigo ya moyo, inauliza umri na uzito, kisha inakisia kalori, yaani nguvu ambazo mwili umechoma. Muuzaji alilisema hilo neno "inakisia" mara mbili. Nililifuta kwenye ripoti kwa kuwa lilileta wasiwasi, nikaandika "inathibitisha". Waraka wangu nambari moja ukasema: Saa haikosei, anayekosea ni mkono. Sasa ikawa kalori nyingi, mahindi mengi, na fimbo tuliifanya kuni za kuchemshia chai.

Wiki ya kwanza mfanyakazi bora alikuwa mzee Ekidor. Mzee alikuwa amelala chini ya mgunga na malaria, anatetemeka hadi meno yanagongana, moyo unamwenda mbio. Saa ikampa kalori elfu nne kwa siku. Tulimtunukia cheti, ingawa hakuweza kukishika.

Wa mwisho alikuwa Racho, mjane wa Bulla Pesa. Ukame ulimmalizia ng'ombe huko Oldonyiro, lakini miaka thelathini ya kutembea nyuma yao ilimwachia moyo mgumu kushtuka. Anapiga sururu kutwa nzima, moyo unadunda taratibu kama wa mtu aliyemaliza kuswali. Saa ikaandika kwamba anapumzika. Kwa mujibu wa kanuni, badala ya gorogoro nne, yaani makopo manne ya mahindi, alipata moja.

Alikuja ofisini.

"Salaam aleikum, mkubwa."

"Aleikum salaam, mama. Fanya haraka, niko kazini."

Nilikuwa natafuna miraa. Kwetu Meru miraa humsaidia mtu kufikiri, na kazi yangu ilikuwa ya kufikiri.

"Hii saa nasema mimi nalala," alisema. "Kuja ona shimo yangu. Mimi nasimama ndani, kichwa haionekani."

"Shimo si data, mama."

"Watoto yangu ni watano. Gorogoro moja nafika Jumanne. Jumatano wanakula data?"

Swali hilo halikuwa na nafasi yake kwenye fomu. Nilimshauri kitaalamu ajitahidi kuogopa kidogo, moyo uchangamke.

"Mimi nimefukuza fisi na fimbo. Leo niogope saa?"

"Mama, mimi naandika tu yale saa inasema."

Aliondoka bila kuaga. Nakiri iliniuma, maana napenda sana adabu.

Ili kuonyesha mfano mwema, nami nilivaa saa. Matokeo yalinitoa machozi ya fahari. Nikiwa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi, natafuna miraa na kugombana kwenye simu, moyo unanienda mbio, nilichoma kalori elfu tano kwa siku! Sikujua kuongoza watu ni kazi ngumu kiasi hicho. Nikaandikia makao makuu kwamba msimamizi anatoa jasho kuliko wachimbaji wote, nikangoja kupandishwa cheo.

Badala ya barua akaja Janice, mkaguzi kutoka Nairobi, mwanamke wa maneno machache. Alikisoma kitabu cha jasho, nilimoandika kalori za kila mtu, ukurasa kwa ukurasa, akaenda kuangalia mashimo, akarudi na vumbi kwenye viatu.

"Bwana Marete, hizi takwimu ni za kweli?"

"Saa haikosei," nilijibu. "Anayekosea ni mkono."

"Vizuri. Mtu mwenye nguvu hivi anafanya nini kwenye kiti, na bwawa limechelewa?" Alifunua ukurasa. "Na huyu Racho, mnamchosha bure. Saa inasema hana nguvu za sururu. Mpeni kiti na kitabu."

Nilitaka kubisha. Kusema saa inadanganya ilikuwa ni kukiri kwamba nimewanyima watu chakula kwa uongo, na kwa maandishi. Janice alinitazama kama mtu anayejua jibu kabla ya kuuliza. Nikapokea sururu.

Leo ni Ijumaa, siku yangu ya tano shimoni. Miraa imekatazwa humu kwa mujibu wa waraka nambari sita, ambao niliuandika mwenyewe. Viganja vimejaa malengelenge. Jasho na vumbi vimeingia chini ya saa, nayo inateleza mkononi na kumulika matope badala ya ngozi.

Jioni nilipanga foleni mbele ya meza iliyokuwa yangu. Racho, aliyekalia kiti changu, alikuwa ameshakata fimbo mpya, na wenzake wote walipimwa kwa hiyo. Mzee Ekidor alipewa dawa na uji bila kupimwa. Mimi peke yangu, kwa heshima ya cheo changu, nilipimwa kwa saa. Racho aliishika, akaipangusa, akaifunga vizuri mkononi mwangu, akasoma.

"Mkubwa, saa nasema tangu Jumatatu wewe umelala."

"Mama Racho, tafadhali. Njoo uone shimo langu."

"Shimo si data," alisema, kwa upole kabisa. "Mimi naandika tu yale saa nasema."

Akajaza gorogoro moja, akaisawazisha kwa kiganja isizidi, akafunga kitabu. Hasira zilinipanda, moyo ukaanza kunienda mbio, na saa, kwa mara ya kwanza wiki nzima, ikaandika kwamba nimeanza kazi.